Jina, Kitenzi na Mtenda: Lugha katika Kazi ya Mhifadhi wa Makumbusho Madogo ya Urithi wa Kilimo

Ikisiri

Makala hii inachunguza kazi ya mhifadhi wa makumbusho madogo ya urithi wa kilimo kwa mtazamo wa taaluma ya Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba zana ya kilimo haihesabiki kuwa imehifadhiwa kwa kutiwa kabatini tu. Huhifadhiwa pale jina lake, kitenzi cha kazi yake na mtu aliyeitumia vinapoandikwa pamoja nayo. Kwa kuwa mambo hayo matatu ni mambo ya lugha, makala inapendekeza kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi na wajibu katika kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hufundishwa katika shule zetu zote, na mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anaweza kuieleza maana yake ya ndani bila kusita. Maana yake ya nje, hata hivyo, inazidi kufifia. Mwanafunzi aliyezaliwa na kulelewa mjini huenda hajawahi kushika mpini wa jembe, sembuse kujua kwa nini mkulima angelipenda hili na kulikataa lile. Ndivyo ilivyo pia kuhusu kibaba kinachojazwa na haba na haba. Methali iko mdomoni, ilhali kipimo chenyewe hakijulikani kilivyo wala kilibeba kiasi gani.

Mahali ambapo jembe na kibaba vinaweza kuonekana, kuguswa na kuelezwa ni makumbusho, na hasa yale madogo yanayoshughulikia urithi wa kilimo. Makumbusho ya aina hii hayana mafuvu ya binadamu wa kale wala hazina ya dhahabu. Yana majembe, mapanga, vinu, nyungo, mawe ya kusagia, vihenge na plau zilizochakaa. Kwa mpita njia, vitu hivyo ni takataka za shambani. Kwa mhifadhi, kila kimoja ni ushahidi. Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi mhifadhi anavyoufanya ushahidi huo usemeke, na kwa nini kazi hiyo haiwezi kukamilika bila mtaalamu wa lugha.

2.0 Istilahi: Makumbusho, Kavazi na Mhifadhi

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe. Nomino makumbusho inatokana na kitenzi kumbuka. Kitenzi hicho kikitiwa katika kauli ya kutendesha huwa kumbusha, na kutokana na kumbusha hupatikana makumbusho, yaani mambo au mahali panapomfanya mtu akumbuke. Nchini Kenya neno makavazi hutumiwa pia kwa maana hiyo, ilhali nchini Tanzania neno kavazi huelekea zaidi kwenye hifadhi ya nyaraka, kama inavyodhihirika katika jina la Kavazi la Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam. Makala hii inatumia makumbusho kwa sababu neno hilo linabeba ndani yake kitendo cha kukumbusha, na kitendo hicho ndicho kiini cha mjadala huu.

Neno mhifadhi nalo lina utajiri wake. Katika Kiswahili, kuhifadhi ni kutunza kitu kisipotee au kuharibika. Wakati huohuo ni kutia maneno moyoni, kama asemavyo mtu kwamba mtoto amehifadhi juzuu kadhaa za Kurani. Maana hizi mbili zinakutana katika kazi inayojadiliwa hapa. Mhifadhi wa makumbusho hulinda kinu kisiliwe na wadudu. Iwapo atakilinda kinu huku akiyaacha maneno yake yapotee, atakuwa ametimiza nusu tu ya kitenzi kinachompa jina lake.

Wazo hili limepata nguvu pia katika ngazi ya kimataifa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 ulitambua kwamba urithi usioshikika, yaani maarifa, masimulizi, desturi na ustadi, unastahili kulindwa. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, katika fasili mpya liliyoipitisha mjini Prague mwezi Agosti 2022, lilisema kwamba makumbusho hutafiti, hukusanya, huhifadhi, hufasiri na huonyesha urithi unaoshikika na usioshikika. Kwa hivyo kufasiri si nyongeza katika kazi ya mhifadhi, bali ni sehemu ya fasili yenyewe.

3.0 Makumbusho ya Kilimo Yalikotoka

Haja ya kuhifadhi zana za wakulima ilizuka pale kilimo kilipobadilika kwa haraka kuliko kumbukumbu. Nchini Uswidi, Artur Hazelius alifungua makumbusho ya Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, akahamishia humo nyumba na vifaa vya wakulima wakati viwanda vilipokuwa vikiyabadilisha maisha ya mashambani. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Reading kilianzisha makumbusho ya maisha ya mashambani mwaka 1951, wakati trekta ilipokuwa ikichukua nafasi ya farasi. Inafaa kutilia maanani kwamba aliyechukua hatua hiyo ya pili ni chuo kikuu.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kilianzishwa katika miaka ya 1960 ili kuonyesha nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania. Nchini Kenya, makumbusho ya Kitale yalifunguliwa mwezi Desemba 1974. Chanzo chake ni mkusanyo wa wadudu, wanyama na vitabu wa Hugh Stoneham, mlowezi na mpenzi wa elimu ya viumbe aliyekuwa ameanzisha makumbusho yake ya kibinafsi mwaka 1926 na kuurithisha mkusanyo huo baada ya kifo chake mwaka 1966. Makumbusho hayo yamo katikati ya Trans Nzoia, eneo linalojulikana kwa mahindi, na baadaye yaliongezewa maboma ya jamii mbalimbali, ili mgeni aone pia jinsi watu walivyojenga, walivyolima na walivyohifadhi nafaka.

Mfano wa Kitale unafunza jambo moja. Mkusanyo hufuata jicho la mkusanyaji. Aliyependa wadudu aliacha wadudu. Kwa sababu hiyo, makumbusho yanayotaka kusimulia habari za mkulima wa kawaida hayana budi kuwa na mhifadhi anayeliona jembe kuwa na thamani sawa na ya kipepeo.

4.0 Kazi ya Mhifadhi kwa Jumla

Katika taasisi kubwa, kazi za makumbusho hugawanywa. Yupo anayesajili, yupo anayetibu vifaa, yupo anayeandaa maonyesho, na yupo anayewapokea wanafunzi. Katika makumbusho madogo, kazi zote hizi humwangukia mtu mmoja au wawili. Asubuhi mhifadhi hufagia, adhuhuri huongoza darasa la watoto, na jioni hukaa na rejista.

Kifaa kinapoletwa, jambo la kwanza ni kuandika kimetoka kwa nani, kimetoka wapi na kimetolewa kwa masharti gani. Kisha hupewa nambari. Mtindo unaotumika katika makumbusho mengi ni wa sehemu tatu. Nambari 2024.7.3, kwa mfano, humaanisha kifaa cha tatu katika msaada wa saba uliopokewa mwaka 2024. Nambari hiyo huandikwa mahali pasipoonekana kwa urahisi, juu ya utando mwembamba wa vanishi inayoweza kuondolewa bila kukidhuru kifaa.

Jambo la pili ni kukitenga kifaa kabla ya kukiweka pamoja na vingine. Kinu kutoka kijijini chaweza kuja na bungua ndani ya mti wake, na wadudu hao wakahamia katika vifaa vyote. Mojawapo ya njia za kuwaua bila kutumia sumu ni kukifunga kifaa ndani ya plastiki na kukigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sufuri kwa wiki moja au zaidi. Makumbusho yasiyo na friji kubwa hutegemea usafi, hewa na ukaguzi wa mara kwa mara.

Jambo la tatu ni kujizuia. Mhifadhi asiye na mafunzo hutamani kulisugua jembe mpaka ling'ae na kuupaka mpini rangi. Kwa kufanya hivyo hufuta maandishi. Ulaini wa mpini unaonyesha mahali mkono uliposhika miaka nenda miaka rudi. Bamba lililolika zaidi upande mmoja linadokeza namna mlimaji alivyosimama na kuinama. Mpini uliofungwa kwa ukanda wa mpira wa gurudumu unaeleza kwamba mwenyewe hakuwa na uwezo wa kununua mwingine, au hakuona haja. Alama hizo ni matini, na msomaji wake wa kwanza ni mhifadhi.

Baada ya hapo huja kazi ambayo aghalabu hufanywa kwa haraka mno, nayo ni kuandika kibandiko cha maelezo. Sehemu tatu zifuatazo zinaichunguza kazi hiyo.

5.0 Jina

Swali la kwanza la kibandiko ni kwamba kitu hiki kinaitwaje. Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Chukua mfano wa kihifadhio cha nafaka. Wazungumzaji wa Dholuo hukiita dero, na wazungumzaji wa Gĩkũyũ hukiita ikũmbĩ. Mhifadhi anayetaka kibandiko cha Kiswahili hukimbilia neno ghala. Neno hilo si kosa, lakini ni pana. Ghala laweza kuwa jumba la mawe bandarini lenye magunia elfu moja. Kiswahili kina neno kihenge, ambalo ni kihifadhio cha mviringo kilichosukwa kwa fito na kuwekwa nafaka. Kina pia uchaga, ambao ni jukwaa la kuwekea mazao, pengine juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Tena kina dungu, jukwaa la shambani anakokaa mlinzi wa kuamia ndege. Ukiviita vyote ghala, au ukiviita stoo, unavifuta vitatu kwa neno moja.

Majina pia hubeba historia. Mahindi, kwa jina lake, yanaelekeza fikira India, ilhali mmea wenyewe asili yake ni bara la Amerika. Jina linaonyesha jinsi watu wa pwani walivyolihusisha zao hili geni na upande wa bahari walioufahamu. Neno mbuni, ambalo kamusi hulieleza kuwa mti wa kahawa, limepata maana nyingine katika biashara ya kahawa nchini Kenya, ambako ni kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake la nje. Kibandiko kinachotaja mbuni bila kufafanua ni maana ipi kitampoteza msomaji wa pwani au wa bara, mmojawapo.

Vipimo navyo vina majina yanayostahili kuokolewa. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi moja. Muuzaji na mnunuzi walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka kikaota kichuguu. Katika masoko ya Kenya kipimo cha nafaka kinachojulikana zaidi ni gorogoro, mkebe wa takribani kilo mbili. Makumbusho yakiweka kibaba na gorogoro katika meza moja, mwanafunzi ataielewa methali ya haba na haba, na papo hapo ataelewa kwamba ubishi wa mfuto na tele bado uko sokoni hadi leo.

Kutokana na mifano hii, kanuni ya kwanza ni kuandika jina katika lugha ya jamii iliyokitoa kifaa, kisha jina la Kiswahili lililo karibu zaidi. Pale ambapo Kiswahili hakina neno, ni heri kulieleza jambo kwa maneno mepesi au kulikopa neno la jamii hiyo kuliko kulibandika jina lisiloafiki. Mfano wa kuigwa upo. Mwaka 1999 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha kitabu cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya chakula cha asili nchini, ambamo mimea imeorodheshwa pamoja na majina yake katika lugha nyingi za Kenya. Juhudi za kulinda vyakula vya asili, zilizoanza mwaka 2007 kwa ushirikiano na UNESCO, ziliingizwa mwaka 2021 katika rejista ya shirika hilo ya mifano bora ya kulinda urithi. Mboga zilizokuwa zikidharauliwa zilirudi mezani baada ya kutajwa, kuandikwa na kuelezwa.

6.0 Kitenzi

Jina peke yake halitoshi. Ungo uliotundikwa ukutani ni duara la ukindu tu mpaka kitenzi chake kielezwe. Safari ya nafaka kutoka shambani hadi chunguni ina vitenzi vyake: kuvuna, kupura, kupepeta, kutwanga, kukoboa, kusaga na kuchekecha. Kila kitenzi kina zana yake, na kila zana ina mwendo wake wa mwili. Kupura ni kupiga masuke ili punje zitoke. Kupepeta ni kurusha nafaka kwa ungo ili upepo uchukue makapi. Kupembua ni kuutikisa ungo kwa ustadi mpaka chembe nzima zitengane na chenga. Mhifadhi anayeandika kwamba ungo ni chombo cha kusafishia nafaka amevichanganya vitendo viwili vyenye ustadi tofauti.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapogusika moja kwa moja. Istilahi za taaluma yake zimetoka shambani. Uchambuzi wa riwaya ni nomino iliyotokana na chambua, kitenzi cha mtu anayetoa uchafu katika pamba au anayetenga karafuu na makonyo yake. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, kuchambua karafuu ni kazi ya mikono inayofanywa baada ya kuchuma na kabla ya kuanika juani. Msomaji wa riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotolewa mwaka 1978 na inayosimulia mateso ya wafanyakazi katika shamba la bwana, hufanya uchambuzi wa kazi inayohusu mashamba ya visiwa hivyohivyo. Akijua kuchambua ni nini, ataliona neno lake la darasani likiwa na vidole vyenye harufu ya karafuu.

Mifano mingine ni mingi. Upembuzi yakinifu wa wapangaji wa miradi umetoka kwenye ungo. Chimbuko la utanzu fulani limetoka kwenye kuchimba. Mwanaisimu huligawa neno katika mzizi na shina kama mkulima aonyeshaye mmea. Hoja dhaifu huitwa makapi, na mtu anayesema ovyo huambiwa kwamba anaongea pumba. Wanafunzi hukariri istilahi hizi kana kwamba zilizaliwa katika mihadhara. Makumbusho ya kilimo ndiyo mahali pa kuzirudishia mwili wake. Dakika chache za kuutikisa ungo wenye mchele na chenga zaweza kufundisha maana ya kupembua hoja kuliko fasili ndefu ubaoni.

Kanuni ya pili, basi, ni kwamba kila kibandiko kiwe na kitenzi mahsusi cha kazi ya zana, na ikiwezekana kitendo chenyewe kionyeshwe au kirekodiwe kwa sauti na picha.

7.0 Mtenda

Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwani linahusu haki. Ni nani aliyeishika zana hii? Tafakari kibandiko cha kubuni kinachofanana na vingi vinavyoandikwa: "Kinu. Kilitumika zamani na Waafrika kutengenezea unga."

Sentensi hii ina makosa manne. Kwanza, ni kosa la kisarufi. Kauli ya kutendeka, yenye kiambishi -ik- au -ek-, haimkubali mtenda anayetanguliwa na na. Husemwa kwamba mlango umefunguka, wala haisemwi kwamba mlango umefunguka na Juma. Mtenda akitajwa, kauli inayohitajika ni ya kutendwa: kinu kilitumiwa na fulani. Pili, neno zamani si kweli, maana vinu vinatwangiwa hadi leo katika nyumba nyingi. Tatu, kutengenezea unga ni maelezo yaliyopooza, kwani kinu kina kitenzi chake, nacho ni kutwanga. Nne, Waafrika si mtu yeyote. Ni jina la bara zima lililowekwa mahali pa mwanamke mmoja aliyekuwa na jina, kijiji na mikono yenye sugu.

Kosa la kisarufi na kosa la kihistoria yanatembea pamoja. Mwandishi hukimbilia -ik- kwa sababu hamjui mtenda, au hajamuuliza. Kibandiko kilichorekebishwa chaweza kusomeka hivi: "Kinu na mchi. Kimechongwa kwa gogo moja. Wanawake wa nyumba ya mtoaji walikitwangia mtama, wakipokezana michi. Mikwaruzo ya ndani imesababishwa na michi hiyo." Maneno yameongezeka kidogo tu, lakini sasa watu wameingia chumbani.

Uzito wa suala hili unadhihirika zaidi katika mashamba ya walowezi. Mfano mashuhuri ni nyumba ya Karen Blixen, karibu na vilima vya Ngong. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912, ikanunuliwa mwaka 1917 na familia ya Blixen iliyokuwa ikilima kahawa, nayo mmiliki akaiacha mwaka 1931 baada ya shamba kufilisika. Ardhi yake, yenye mwinuko wa takribani mita 1,800, ilikuwa juu mno kwa kahawa. Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotokana na kitabu cha mwandishi huyo. Mgeni akitembea uani huona mashine na zana kuukuu za shambani.

Sasa tuseme mhifadhi anaandika: "Kahawa ilikaushwa kwa mashine hii." Kisarufi sentensi ni sahihi. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda asitajwe. Je, ilikaushwa na nani? Jibu linamleta skwota, mkazi mfanyakazi ambaye, chini ya sheria ya mwaka 1918, alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi na kulima kipande cha ardhi. Linamleta mwanamume aliyening'iniza kipande shingoni, na wanawake na watoto waliochuma buni. Linaleta pia ukweli kwamba kwa jumla wakulima Waafrika wa Kenya walizuiwa kupanda kahawa, ruhusa ndogo ikaanza katika miaka ya 1930 sehemu kama Meru na Kisii, na kupanuliwa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mtu aliyeikausha kahawa hakuruhusiwa kuipanda kwake. Historia hiyo yote imefichwa na kiambishi -w- kisichofuatwa na mtenda.

Kanuni ya tatu, kwa hivyo, ni kwamba kibandiko kimtaje mtenda kadiri ushahidi unavyoruhusu. Jina la mtu litajwe kwa idhini yake au ya jamaa zake. Pale jina lisipopatikana, itajwe kazi yake, jinsia yake, umri wake au hali yake ya kisheria shambani.

8.0 Changamoto

Mhifadhi wa makumbusho madogo hukabiliwa na vikwazo kadhaa. Fedha ni haba, na mapato ya mlangoni hayatoshi kulipia hata paa. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu hufika vijijini kabla yake, na plau iliyolimia familia vizazi viwili huuzwa kwa uzito wa kilo zake. Wazee wanaojua majina na vitenzi wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Jembe laweza kungoja ghalani miaka kumi, lakini bibi anayejua jina la kila sehemu ya jembe hilo hangoji.

Changamoto nyingine ni ya lugha. Vibandiko vingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye, pengine na mtu asiye na mafunzo ya tafsiri. Matokeo yake ni Kiswahili kinachofuata muundo wa lugha nyingine, au Kiswahili sanifu kisichojali lahaja na lugha za jamii zilizotoa vifaa. Ipo hatari pia kwa upande wetu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeingia makumbushoni akidhani kwamba Kiswahili kina jibu la kila kitu atayafuta majina ya Kiluhya, Kikalenjin au Kikamba kwa bidii ileile ambayo Kiingereza kiliyafuta ya Kiswahili.

9.0 Mapendekezo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imefungua milango. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kuitaka dola ikuze lugha za kiasili. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kutaka mbegu na mimea ya kiasili ilindwe. Jedwali la Nne linayataja makumbusho miongoni mwa shughuli za kaunti. Kwa kuzingatia hayo, mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na makumbusho yaliyo karibu na vyuo vyao katika kuhariri vibandiko kwa vigezo vya jina, kitenzi na mtenda. Pili, kazi za nyanjani katika kozi za fasihi simulizi na leksikografia zijumuishe ukusanyaji wa msamiati wa kilimo, na nakala za rekodi zibaki makumbushoni badala ya kuishia katika kabati la mhadhiri. Tatu, faharasa ndogo ya zana za kilimo iandaliwe kwa kila eneo, ikiwa na jina la kienyeji, jina la Kiswahili, kitenzi na mchoro. Nne, wahitimu wa Kiswahili waichukulie kazi ya uhifadhi kuwa mojawapo ya taaluma zinazowafaa, sambamba na ualimu, uhariri na utangazaji.

10.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mhifadhi wa makumbusho madogo ya kilimo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Anailinda zana dhidi ya bungua, kutu na unyevu, na anayalinda maneno dhidi ya usahaulifu. Ya kwanza ina mafunzo, vifaa na kanuni zinazojulikana. Ya pili imeachiwa bahati, ilhali wapo mamia ya wanafunzi waliofunzwa kutambua kauli za vitenzi, kutofautisha maana na kumsikiliza msimulizi. Kazi hiyo ikianza sasa, itawakuta wazee wenye majina ya zana wangali hai.

Maswali ya Mjadala

1. Teua zana moja ya kilimo inayotumiwa nyumbani kwenu. Andika jina lake katika lugha ya jamii yenu, jina lake la Kiswahili na vitenzi vyote vinavyohusiana nayo.
2. Eleza tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, kisha uonyeshe jinsi kila moja inavyoweza kumficha au kumdhihirisha mtenda katika maelezo ya kihistoria.
3. Taja istilahi tano za uhakiki au isimu zenye asili katika kazi za mikono, na ujadili iwapo kuijua asili hiyo kunabadilisha matumizi yake.
4. "Kibandiko cha makumbusho ni utanzu wa fasihi andishi." Jadili.